Kutumia dawa za saikosisi kwa usalama: mwongozo kamili kwa mgonjwa na anayemuuguza

Ijumaa moja alasiri bajaji ilisimama mbele ya mlango wetu wa wagonjwa wa nje. Ndani kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, shingo imepinda mpaka kidevu kinagusa bega, macho yamegeukia juu na hayashuki, ulimi uko nje. Jirani alikuwa ameshamsomea, kisha akapelekwa kwenye maombi, na pande zote mbili zilikubaliana kwamba ni jini limepanda. Nilipouliza anatumia dawa gani, mama yake alifungua pindo la kanga akatoa kibahasha cha karatasi: haloperidoli, alizoanza Jumatano. Tukamchoma sindano ya promethazini. Haikupita nusu saa shingo ikarudi mahali pake, akaomba chai.

Mama akanitazama. "Sista, hili mlikuwa mnalijua? Mbona hamkuniambia?"

Tulikuwa tunalijua. Kila anayeandika haloperidoli analijua. Tangu siku ile sijamwita mtu "mbishi wa dawa" kabla ya kumuuliza dawa ilimfanya nini na nani alimwonya. Haya yafuatayo ndiyo ningemwambia mama yule Jumatano, kabla hajatoka dirisha la dawa. Namba nilizoweka ni za kukusaidia kuelewa cheti chako na kuuliza maswali. Si za kujipunguzia wala kujiongezea dozi.

Dawa hizi ni zipi, na si zipi

Saikosisi ni hali ya mtu kusikia sauti wasizozisikia wengine, kushikilia kwa nguvu zote jambo lisilokuwepo (anafuatwa, anawekewa sumu, redio inamsema yeye), au kuongea maneno yasiyoshikana. Inakuja na skizofrenia (ugonjwa wa akili wa muda mrefu), na pia na ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), sonona kali, bangi, kuacha pombe ghafla, na maambukizi ya ubongo. Dawa za saikosisi hutuliza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Ya kwanza ilikuwa klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Wazee wa kazi hii bado wanaiita Largactil. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958. Hizo na flufenazini ndizo tunaita dawa za zamani. Risperidoni, olanzapini na klozapini ni za kundi la pili.

Si dawa za usingizi, ingawa baadhi zinalaza. Hazileti uraibu kama pombe inavyoleta. Na wala hazimfanyi mtu zuzu, zikitolewa kwa dozi yake. Ukimwona mtu anatembea kama roboti na udenda unamtoka, hiyo si dawa "imemkubali". Hiyo ni dozi iliyozidi, au dawa isiyomfaa, na kuna la kufanya.

Sisi wauguzi tunatofautisha maudhi na madhara. Maudhi yanakera lakini yanavumilika au yanatibika: mdomo kukauka, usingizi, uzito kuongezeka. Madhara ni yale ya kukimbilia hospitali. Shida ya nyumbani ni kuyachanganya: watu wanavumilia madhara na kuacha dawa kwa sababu ya maudhi.

Hatua ya 1: Kabla ya kidonge cha kwanza

Mtu akibadilika ghafla ndani ya siku chache, tafuta kwanza ugonjwa wa mwili. Msemo wetu wa "malaria imempanda kichwani" una ukweli ndani yake: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, kifafa, VVU na kaswende vyote vinaweza kumchanganya mtu. Vilevile mnywaji wa kila siku akikaa siku mbili tatu bila pombe, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu ukutani, huyo anahitaji matibabu ya kuacha pombe, na ni ya haraka. Kumpa haloperidoli peke yake kunaweza kumletea degedege. Kwa hiyo omba vipimo: malaria, sukari, VVU, kaswende, na joto la mwili lipimwe, lisikisiwe kwa kiganja.

Siku hiyohiyo pima uzito, presha na mzunguko wa kiuno. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Andika. Bila namba za mwanzo, baada ya mwaka hakuna atakayejua kama kilo 12 zimeletwa na olanzapini au na ugali.

Kwa mwanamke, kipimo cha mimba. Kama ana umri wa kuzaa na anaandikiwa pia valproati ya kutuliza hisia, uliza palepale kama kuna mbadala, maana dawa hiyo inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.

Mwisho, mwambie daktari kila anachomeza: dawa za TB, za VVU, za kifafa, za presha, dawa za miti shamba, kombe. Watu wanaficha dawa za mganga kwa kuogopa kufokewa. Nakubali, kufokewa kupo. Sema hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Soma cheti ukiwa bado dirishani

Nunua kaunta buku moja, na liwe la dawa tu. Ukurasa wa kwanza andika jina la dawa, nguvu ya kila kidonge kwa miligramu, vidonge vingapi, saa ngapi, na imeandikwa kwa ajili ya nini. Usiandike "kidonge kimoja asubuhi" peke yake. Haloperidoli ina vidonge vya miligramu 1.5 na vya miligramu 5, vyote vidogo. Aliyezoea kumeza viwili vya 1.5 akipewa vya 5 bila kuambiwa, anatoka miligramu 3 kwenda 10 kwa siku moja, halafu nyumbani wanasema ugonjwa umerudi kwa sura nyingine.

Ili ujue uko wapi: kwa mtu mzima haloperidoli huanza na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, na wengi wanatulia chini ya 10. Klopromazini huanza karibu na 75, ikapandishwa taratibu kwenda kama 300. Risperidoni huanza na 1 au 2, wengi wanaishia kati ya 2 na 6. Olanzapini huanza na 5 au 10, mwisho 20. Mzee, mtu aliyedhoofika na aliyeanza ugonjwa kwa mara ya kwanza huanza chini zaidi. Ukiona cheti kina dawa mbili za saikosisi kwa pamoja, uliza kwa heshima: "Daktari, hizi mbili ataendelea nazo zote au moja inaachwa?" Wakati wa kubadilisha dawa zinaweza kupishana kwa muda. Kukaa nazo mbili miaka kwa miaka kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kufuta moja ni mzigo wa bure, na kwenye mafaili nakutana nao mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Halafu kuna bensheksoli, ambayo mitaani inajulikana zaidi kama Artane. Kazi yake ni kuzuia kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na dawa za zamani. Si kila mtu anaihitaji na si ya kudumu. Inakausha mdomo, inafunga choo, inasumbua kumbukumbu, inaweza kumchanganya mzee, na wapo vijana wanaoimeza kwa ajili ya kulewa. Imezwe asubuhi au mchana, kwani usiku inaondoa usingizi. Kila baada ya miezi mitatu hivi uliza kama bado inahitajika.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kwanza

Hapa ndipo dawa zinaachwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, matarajio. Ndani ya siku chache usingizi unarudi na fujo zinapungua. Sauti na hofu za kufuatwa zinachukua wiki. Mara nyingi haziondoki kwa mkupuo: mgonjwa anasema sauti bado zipo lakini "zimekwenda chumba cha pili". Dawa ihukumiwe baada ya wiki 4 hadi 6 za dozi ya kutosha, ikimezwa kweli. Anayebadilisha dawa kila Jumatatu hajui ipi imefanya nini.

Sasa lile la kijana wa bajaji. Kukaza ghafla kwa misuli ya shingo, taya, ulimi, macho au mgongo hutokea zaidi kwa vijana wa kiume wanaoanza haloperidoli au flufenazini, kwa kawaida ndani ya siku chache za mwanzo au baada ya dozi kupandishwa. Mtu ana akili zake zote, anasikia kila mnachosema, na anaumia. Mnaweza kumwombea huku mnakwenda hospitali, lakini nendeni. Sindano ya promethazini, biperideni au dawa ya jamii hiyo huifungua, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kama koo linakaza, anashindwa kumeza au pumzi inapiga filimbi, hapo hakuna kusubiri bajaji ya bei nafuu. Na anayetapika asipewe metoklopramidi bila kusema anatumia dawa hizi, kwani nayo inaleta mkazo uleule.

La pili ni gumu zaidi kwa sababu halionekani kama ugonjwa. Mgonjwa hawezi kutulia. Anakaa, anasimama, anatembea uani, anakanyaga mguu huu na huu, usiku anazunguka kitanda. Ukimuuliza anakwambia "ndani kunawaka" au "miguu haitaki kukaa". Nyumbani wanasema kichaa kimezidi, wanarudi kliniki, dozi inaongezwa, naye anazidi kuzunguka. Huko kutotulia kumeletwa na dawa, na dawa yake kwa kawaida ni kupunguza dozi, kubadili dawa, au kuongeza propranololi kwa asiye na pumu. Muulize swali moja: "Unazunguka kwa sababu unaogopa kitu, au mwili tu haukubali kukaa?" Jibu lake liandike kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe. Hali hii inatesa kiasi kwamba mtu anaweza kutaka kujiua, kwa hiyo usiiite maudhi madogo.

La tatu linakuja polepole ndani ya wiki: uso hauchezi, mikono haipungi anapotembea, vidole vinatetemeka, udenda unatoka, mwandiko unakuwa mdogo. Huko ni kukakamaa kunakoletwa na dawa. Daktari akipunguza dozi, mara nyingi inatosha.

Klopromazini ina vituko vyake. Inashusha presha, hivyo mgonjwa akiinuka kitandani akae kwanza ukingoni, ahesabu hadi ishirini, ndipo asimame. Pia inaifanya ngozi iungue upesi na jua: kofia, mikono mirefu, kivuli cha mwembe saa sita mchana. Na dawa hizi zote zinaupunguzia mwili uwezo wa kujipoza, kwa hiyo anayelima au kubeba mizigo kwenye joto la Pwani anywe maji na apumzike.

Kila siku ya wiki hizi mbili andika mistari mitatu tu: amelala saa ngapi, dawa imemezwa au haikumezwa, na kitu gani kimemsumbua. Daktari ana dakika chache za kukusikiliza, naye ataisoma mistari hiyo upesi kuliko utakavyohadithia.

Hatua ya 4: Yasiyosubiri asubuhi

Homa kali pamoja na misuli iliyokakamaa kama mti, jasho, moyo kwenda mbio, presha kupanda na kushuka, kuchanganyikiwa na mkojo kuwa mweusi. Ni nadra, lakini inaua. Kwetu hatari yake kubwa ni kwamba inafanana na malaria. Mgonjwa anapewa mseto, na usiku anapewa haloperidoli yake kama kawaida, maana "dawa ya akili haikatishwi". Hapa dawa ya saikosisi inasimamishwa mara moja na mgonjwa anapelekwa hospitali usiku uleule. Kipimo cha malaria kikiwa chanya bado mwambie daktari kuwa mwili umekakamaa na taja dawa anazotumia, kwani vyote viwili vinaweza kuwepo.

Wengine wa kukimbizwa: aliyezimia au moyo wake unarukaruka, aliyepata degedege, aliyegeuka macho kuwa ya njano, aliyemeza vidonge vingi kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mtoto aliyeokota kidonge cha haloperidoli akakimeza, na yeyote anayesema anataka kufa.

Klozapini inataka aya yake. Inawasaidia walioshindikana kwa dawa nyingine mbili, na hakuna inayoifikia kwa hao. Lakini inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walikufa hivyo nchini Ufini, na dawa ikaondolewa sokoni kwa miaka katika nchi nyingi. Ilirudi kwa sharti la kupima damu: kila wiki kwa miezi ya mwanzo, kisha kwa nafasi. Anayetumia klozapini akipata homa au koo kuuma, apimwe picha kamili ya damu siku hiyohiyo, si "tusikilizie kwanza". Kufunga choo nako kwa klozapini si jambo la kuchekea: siku tatu bila choo na tumbo limejaa ni hospitali, kwa sababu utumbo unaweza kusimama kabisa. Na aliyeikosa kwa zaidi ya saa 48 asirudi kwenye dozi yake ya zamani. Inaanzwa upya kutoka chini, chini ya uangalizi. Kama unakoishi hakuna maabara ya kuaminika ya kupima damu, dawa hiyo haijafika kwenu bado, hata kama duka moja mjini linaiuza.

Hatua ya 5: Sindano ya mwezi

Flufenazini ya mafuta, ambayo wengi wanaiita Modecate, ni rafiki wa mtu aliyechoka kumeza vidonge au anayesahau. Dawa imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta na inatoka taratibu msulini kwa wiki 2 hadi 5. Mwenye mzio wa ufuta aseme mapema.

Uzuri wake ndio ubaya wake: ikishaingia haitoki. Ndiyo maana haipaswi kuwa dawa ya kwanza ya mtu asiyewahi kuonja jamii hii. Aanze kwa vidonge, ikionekana anaivumilia ndipo apewe dozi ya majaribio ya miligramu 12.5, kisha kiasi chake cha kawaida, mara nyingi miligramu 25 kila baada ya wiki nne. Ichomwe ndani ya msuli wa tako, upande ubadilishwe kila safari, na pasikandwe baada ya kuchomwa. Siku chache za mwanzo baada ya sindano ndizo za kuangalia mkazo na kutotulia.

Andika tarehe ya sindano ijayo kwenye daftari na kwenye simu za watu wawili. Ukipitisha tarehe, nenda siku utakayokumbuka. Usiombe dozi mbili. Na usidanganyike na ukimya: mtu anaweza kukosa sindano ya Machi akaendelea vizuri mpaka Mei, familia ikaamini amepona, kumbe ni mabaki yaliyokuwa yanamshikilia.

Neno moja kuhusu kuchanganya dawa kwenye uji bila mgonjwa kujua. Najua kwa nini watu wanafanya. Nimemsikiliza baba aliyelala nje ya mlango wa mwanawe na panga limefichwa darini. Lakini siku mgonjwa akigundua, na atagundua, hatakula tena chakula cha nyumba hiyo, na hofu yake ya kuwekewa sumu itakuwa imepata ushahidi. Sindano aliyoikubali kwa nusu moyo ni bora kuliko kidonge kilichofichwa.

Hatua ya 6: Vinavyogombana na dawa

Pombe inaongeza usingizi na kushusha presha. Gongo, ambayo hujui kilichomo, ni mbaya zaidi. Bangi na mirungi vinamrudisha mgonjwa kwenye sauti hata kama kidonge kimemezwa. Hilo mwambie bila mahubiri, mara moja, halafu endelea kumkaribisha kliniki akivuta na asipovuta.

Sigara inashangaza wengi. Moshi wake unalifanya ini liitoe olanzapini na klozapini haraka mwilini, hivyo mvutaji huhitaji dozi kubwa zaidi. Siku akiacha sigara ghafla, kwa kulazwa, kwa kuwekwa mahabusu au kwa nia njema, dawa inapanda kwenye damu na anaanza kusinzia na kuyumba. Kuacha ni kuzuri, ila daktari ajue kabla.

Rifampisini ya TB na karbamazepini ya kifafa zinashusha nguvu ya haloperidoli na nyingine kadhaa, na karbamazepini haiwekwi pamoja na klozapini. Mseto wa malaria, kwinini na baadhi ya antibayotiki kama erithromaisini vinaweza kugusa umeme wa moyo, sawa na baadhi ya dawa za saikosisi. Malaria itibiwe, hilo halina mjadala. Sema tu unachotumia, na mwenye ugonjwa wa moyo apimwe umeme wa moyo inapowezekana.

Kwa wanaofunga Ramadhani: zungumza na kliniki mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya mfungo. Dawa nyingi zinaweza kumezwa mara moja baada ya futari. Kinachowaangusha watu zaidi ni usingizi uliokatwakatwa na daku kuliko njaa yenyewe. Anayetumia pia lithiamu, dawa nyingine ya kutuliza hisia, yuko kwenye hatari nyingine kabisa kwa sababu ya maji kupungua mwilini, na mara nyingi atashauriwa asifunge.

Hatua ya 7: Miezi na miaka

Pima uzito kila mwezi, kiuno kila miezi mitatu, sukari baada ya miezi mitatu na kisha angalau kila mwaka. Olanzapini na klozapini zinaongoza kwa kunenepesha na kuleta kisukari. Njaa yake ni ya kweli: mtu anamaliza sahani ya wali na bado anatazama sufuria. Kupunguza soda na chai ya sukari nyingi kunasaidia kuliko kumpigia kelele. Uzito ukipanda kilo 5 ndani ya miezi ya mwanzo, rudi mzungumzie kubadili dawa.

Muulize mgonjwa mambo ambayo hatayasema mwenyewe. Wanaume: nguvu za kiume, matiti kukua. Wanawake: hedhi kukata, maziwa kutoka bila mtoto. Haloperidoli na risperidoni hufanya hivyo kwa kupandisha homoni ya prolaktini. Nimewahi kukaa na mume na mke waliokuwa wanakaribia kuachana, kila mmoja akimshuku mwenzake, na sababu ilikuwa risperidoni. Tahadhari kwa mwanamke: akibadilishwa kwenda olanzapini hedhi inaweza kurudi na mimba ikaingia asipotarajia. Uzazi wa mpango upangwe kabla ya kubadili.

Mimba ikiingia, asiache dawa ghafla. Kurukwa na akili ukiwa mjamzito kuna hatari zake kwa mama na kwa mtoto. Arudi kliniki wiki hiyohiyo, wachague dozi ndogo inayomshikilia, na wakunga wajue, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa akitetemeka au akinyonya kwa uvivu siku za mwanzo. Anayetumia klozapini kwa kawaida hushauriwa asinyonyeshe.

Mara mbili kwa mwaka muombe afungue mdomo. Ulimi unaojipinda wenyewe, midomo inayotafuna bila chakula, kope zinazopepesa mfululizo ni dalili za madhara ya muda mrefu, na yanaweza kubaki hata dawa ikiachwa. Yakigunduliwa mapema kuna nafasi. Bensheksoli haiyatibu, na mara nyingi inayazidisha.

Bibi au babu mwenye ugonjwa wa kusahau anayesumbua usiku si mgonjwa wa kupewa dawa hizi kirahisi. Zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa watu wa aina yake. Tafuteni kwanza maumivu, maambukizi ya njia ya mkojo, njaa, giza.

Hatua ya 8: Kuacha, kusahau, na dawa kukosekana

Aliyepata saikosisi kwa mara ya kwanza aendelee na dawa angalau miezi 12 baada ya kupona kabisa. Anahesabiwa tangu alipotulia, si tangu alipoanza kumeza. Aliyerudiwa mara nyingi anaweza kuhitaji miaka. Kuacha kunafanyika kwa kupunguza kidogo kidogo kwa miezi, daktari akijua, na katika kipindi kisicho na mtihani, harusi wala kesi ya shamba. Kata ghafla, na baada ya wiki kadhaa usingizi unapotea, anajitenga, anaanza kufunika simu kwa kitambaa. Dalili za kwanza za kila mtu ni zake na mara nyingi ni zilezile kila safari. Ziandike kwenye jalada la nyuma la daftari, kwa kukubaliana naye akiwa mzima. Na mwachie yeye achague nani aruhusiwe kumwambia, "Zimeanza." Wengi hawamchagui baba.

Ukisahau kidonge, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, ruka. Usimeze viwili.

Dirishani wakisema "imeisha", usiondoke na jibu hilo tu. Uliza itakuja lini, kituo gani cha jirani kinayo, na daktari ataandika nini kwa muda huo. Usibadilishe mwenyewe klopromazini kwa haloperidoli kwa kuhesabu vidonge: miligramu 2 hivi za haloperidoli zinakaribia kazi ya miligramu 100 za klopromazini. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, kaulizie hapo msamaha wa gharama kabla ya kuuza kuku. Wilaya ikishindwa, omba rufaa. Watu wanaogopa kutajiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, kwa sababu jina hilo tumelifanya tusi, lakini ni hospitali kama nyingine, yenye madaktari, maabara na watu wanaorudi makwao.

Safari nazo zina utaratibu wake, hasa za msiba, ambazo hazitoi taarifa. Weka daima akiba ya siku 7 kwenye kopo lililofungwa, mbali na watoto. Beba dawa kwenye mkoba wa mkononi, usiziweke kwenye buti la basi linalochemka kutoka Chalinze mpaka Mbeya. Piga picha cheti na ukurasa wa kwanza wa daftari. Kama sindano inaangukia siku za matanga, mtafute muuguzi wa zahanati ya kule siku ya kufika, umwonyeshe picha, umwambie jina la dawa, miligramu na tarehe ya mwisho kuchomwa. Kichupa chenyewe toka nacho kliniki kwenu, maana kule huenda hakipo.